Far na mbali: jinsi ya kulitumia neno hili la Kiingereza bila kujikwaa

Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha Kiingereza mjini Moshi alikuwa mpishi wa safari za mlimani, na leseni ya udereva alikuwa nayo. Akaandika barua ya kuomba kazi. Alitaka mwajiri ajue kwamba atapata watu wawili katika mtu mmoja, na kichwani mwake sentensi ilikuwa safi: "Mbali na kuwa mpishi, mimi pia ni dereva." Kwenye karatasi ikatoka hivi: "Far from being a cook, I am also a driver." Mwenye Kiingereza chake akisoma maneno hayo anaelewa kwamba mwombaji huyu si mpishi hata chembe. Nilipoonyeshwa nakala, barua ilikuwa imeshatumwa. Iliniuma, kwa sababu kijana yule anapika vizuri sana, na barua ile aliihangaikia wiki nzima.

Kosa lake si la uvivu. Kamusi inasema "far" ni "mbali", na kamusi haidanganyi. Ila "mbali" yetu ina kazi nyingi, "far" nayo ina zake, na kazi wanazochangia ni chache kuliko tunavyodhani. Hatua zinazofuata ndizo nilizokuwa nikiwapitisha waongoza watalii na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, jioni baada ya kazi. Chukua daftari, na kila mfano wa Kiingereza utakaoukuta usome kwa sauti.

Hatua ya 1: Anza na mdomo

Kwa matamshi ya Uingereza, "far" inakaribiana sana na kitenzi chetu "faa", kama katika "nguo hii inakufaa" ukikata mwanzo. R haisikiki. Wamarekani wanaitamka r waziwazi. Chagua upande mmoja ukae nao.

Kuna jambo moja linalowapoteza wengi wanaposikiliza redio: hata kwa Waingereza, ile r hurudi pale neno linalofuata linapoanza na irabu. "Far away" husikika kama "faarawei", neno moja refu. Mwanafunzi anayelijua neno kwa macho tu hulikosa kabisa.

Litenge na majirani zake. "Fare" ni nauli na inasikika kama "fea". "Fear" ni hofu, "fia". "Fire" ni moto, "faya". La taabu ni "fur", yaani manyoya, kwa sababu irabu yake hatunayo, nasi huishia kulitamka sawa na "far". Ukishindwa kabisa, usihuzunike, sentensi nzima itakusaidia. Waingereza wenyewe wengi hutamka "farther" na "father" kwa sauti ileile, na wanaelewana.

Hatua ya 2: Uliza umbali

Mtindo wa swali ni huu:

"How far is it from Moshi to Arusha?"

Hilo "it" usilidondoshe. Sisi tunasema "Ni umbali gani kutoka Moshi hadi Arusha?" na "ni" inatutosha, Kiingereza kinadai kitu cha kukalia nafasi ya mtenda, hata kama hakina maana yoyote. Ukitaka njia fupi, taja mahali penyewe: "How far is Arusha?"

Ukiwa umeshaanza safari, swali linabadilika: "How much further is it?" au "Is it much further?" Hapo mtu anauliza mwendo uliobaki, siyo umbali wote. Anayefanya kazi mlimani atalisikia swali hili kuliko jingine lolote, kwa hiyo lijue mapema.

"How far" usiichanganye na "how long". "How far" huuliza kilomita, "How long does it take?" huuliza saa.

Kisha kuna "how far" ya kazi. "How far have you got with the report?" maana yake "Ripoti umeifikisha wapi?" Huku kwetu Afrika Mashariki tuna "Where have you reached?", ambayo ni "Umefika wapi?" iliyovalishwa Kiingereza. Sisi kwa sisi tunaelewana, nami sioni sababu ya kumcheka anayeisema. Ila mgeni atasita kidogo. Kwa mtu aliye njiani muulize "Where are you now?" na kwa mwenye kazi mkononi tumia "How far have you got?"

Hatua ya 3: Jibu, na hapa tulia

Hapa ndipo penye makosa mengi.

Kwanza, "far" hupenda maswali na kukanusha. "Is it far?" ni sawa kabisa. "No, it isn't far" ni sawa kabisa. Lakini ukikubali kwa "far" tupu, sentensi inabaki kama mtu aliyesimama kwa mguu mmoja. "We walked far" inaeleweka, ila mwenye lugha angesema:

"We walked a long way."

"It's a long way from here."

"A long way" ndiyo "mbali" ya kukubali. Ijaze kinywani mpaka ikuzoee. "Far" inaweza kusimama katika sentensi ya kukubali ikipata wa kuishika mkono: "too far", "so far", "quite far", "far away". Hivyo "They live far away" haina dosari, na "It's too far to walk" ndiyo namna hasa ya kusema "Ni mbali mno kwa miguu".

Pili, na hili nalisisitiza kuliko yote: palipo na tarakimu, "far" haiingii. Sisi tunaweza kusema "ni mbali, kilomita 80", tukapata sentensi kama "It is far eighty kilometres" au "It is eighty kilometres far". Zote mbili si Kiingereza. Tumia "away", au "from" ukitaja mahali:

"Arusha is about eighty kilometres away."

"Arusha is about eighty kilometres from Moshi."

Kanuni haibadiliki hata ukitoka nje ya dunia. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka hapa tulipo: "The Moon is 384,400 kilometres away." Umbali mkubwa kiasi hicho, na bado "far" haikaribishwi, kwa sababu tarakimu imeshafanya kazi yake.

Tatu, wengi wetu hupima njia kwa muda. Mzee akiulizwa shamba liko wapi atasema "mwendo wa saa mbili". Kiingereza nacho kinafanya hivyo: "It's two hours away", au "It's a two-hour drive" kama ni kwa gari na "a two-hour walk" kama ni kwa miguu. Angalia "hour" katika "two-hour drive": haina s, na kistariungio kipo, maana hapo limekuwa neno la kueleza safari.

Kwa wanaoongoza wageni, haya ni majibu matatu ya kuyabeba mfukoni. Njia ikiwa ndefu bado: "We've still got a long way to go." Mkiwa katikati: "We're about halfway." Mkikaribia: "Not far now." Hilo la mwisho ni dogo lakini lina nguvu, nimeambiwa na mwanafunzi wangu mmoja kwamba mgeni aliyekuwa ameketi chini akilia aliinuka aliposikia maneno hayo matatu. Sharti liwe kweli tu. Usilitumie kumdanganya mtu aliyechoka.

Hatua ya 4: Farther au further

Ukitaka kulinganisha, "far" haiwi "farer". Inakuwa "farther" au "further", na kileleni "farthest" au "furthest". "Further" ndiyo kongwe. "Farther" ilizaliwa kwake baadaye, ikivutwa na sauti ya "far". Wamarekani wengi wanaoandika kwa uangalifu huitumia "farther" kwa umbali wa kupimika na kuiachia "further" mengine yote. Waingereza hutumia "further" kwa vyote viwili.

Ushauri wangu ni mfupi: tumia "further" kila mahali. Hutakosea Uingereza, na Marekani watakuelewa bila shida. "Farther" ndiyo yenye mipaka, kwa sababu haiwezi kuchukua maana ya "zaidi" au "nyingine".

Na maana hiyo ya "zaidi" utakutana nayo kila siku kwenye matangazo na barua za ofisi. "For further information" ni "kwa maelezo zaidi". "Until further notice" ni "hadi tangazo lingine litakapotolewa". "Further studies" ni masomo ya juu zaidi. Hata kuwa kitenzi inaweza: "She wants to further her education", yaani anataka kujiendeleza kielimu. "Furthermore" ni "isitoshe" au "aidha", "farthermore" usiiandike.

Kileleni mfano ni huu: chombo cha Voyager 1, kilichorushwa na Marekani mwaka 1977, ndicho kitu kilichotengenezwa na binadamu kilichofika mbali kuliko vyote. Kwa Kiingereza, "the farthest human-made object from Earth".

Hatua ya 5: Far from, mtego wa mpishi wetu

"Far from" ina maana mbili.

Ya kwanza ni ya mahali: "far from home", mbali na nyumbani. Angalia kihusishi. "Na" yetu ya "mbali na" huwavuta wanaoanza waandike "far with" au "far to". Ni "from" tu.

Ya pili haina habari na njia wala kilomita. "Far from" ikifuatwa na kivumishi, au na kitenzi chenye -ing, huwa ni kukanusha kwa nguvu. "The work is far from finished": kazi bado mbichi. "The exam was far from easy": mtihani haukuwa rahisi hata kidogo. "Far from helping us, he made things worse": badala ya kutusaidia, ndiyo kwanza akaharibu. Mwingereza anapima umbali kati ya jambo na ukweli, na akikuta ni mkubwa anasema jambo hilo halipo.

Sasa "mbali na" yetu ya kuongeza, ile ya "mbali na hayo" na "mbali na kuwa mwalimu", inakwenda njia ya kinyume kabisa. Yetu inakubali kisha inaongeza. "Far from" inafuta. Ndiyo maana mpishi wetu alijifuta mwenyewe. Alichohitaji ni "besides", "apart from" au "in addition to":

"Besides being a cook, I am also a driver."

Kila unapotaka kuandika "far from", jiulize: je, ninakataa jambo hili? Kama unalikubali, tafuta neno jingine. Hili liandike daftarini kwa wino mwekundu.

Hatua ya 6: So far, as far as, by far

"So far" ni "hadi sasa". Hukaa vizuri na "have": "So far we have collected two million shillings." Inamaanisha hesabu bado iko wazi, huenda zikaja nyingine. Kama mchango umefungwa, usiitumie.

"As far as" ni "hadi" ya mahali. Hapa tuna tatizo letu wenyewe, kwa kuwa "hadi" na "mpaka" hutumika kwa mahali na kwa wakati bila kubagua. Ndiyo tunasema "We will walk until Horombo", tukimaanisha kambi ya Horombo kule Kilimanjaro. "Until" ni ya wakati tu. Sema "We'll walk as far as Horombo", na saa uiachie "until": "We'll walk until four o'clock."

"As far as" hiyohiyo hupima pia kiwango cha kujua au kuhusika. "As far as I know" ni "nijuavyo mimi", na ni kinga nzuri unapoulizwa jambo usilo na hakika nalo. "As far as money is concerned" ni "kwa upande wa fedha". Usiiache nusu kwa kusahau "is concerned".

"By far" na "far" ya kulinganisha zinafanya kazi ya "kwa mbali" yetu, kama tunaposema timu fulani imeishinda nyingine kwa mbali. Mgawanyo wake ni huu: "by far" huenda na kilicho juu ya vyote, "far" peke yake huenda na ulinganisho wa viwili. Kilimanjaro ina mita 5,895 na Meru, mlima wa pili kwa urefu Tanzania, imeachwa kwa zaidi ya mita 1,300. Basi:

"Kilimanjaro is by far the highest mountain in Tanzania."

"Kilimanjaro is far higher than Meru."

Wale wanaosema "very higher" au "very better" wamepata dawa yao hapa: "far better". Katika mazungumzo "much better" ni ya kawaida zaidi, na ni sahihi vilevile.

Kupita kiasi kuna "far too": "far too expensive", ghali kupita kiasi. Na "go too far" ni kuvuka mpaka katika maneno au matendo. Mgeni akikuambia kwa sauti ya chini "You've gone too far", usitazame ramani. Omba radhi.

Hatua ya 7: Zijue "mbali" ambazo si "far"

Hapa Kiswahili kina utajiri ambao "far" haiufikii, na ni vizuri kuuona.

Magazeti yetu huandika kila wiki "Mahakama yatupilia mbali ombi". Ile "mbali" haipimi kitu; inasema jambo limekwisha kabisa, halirudi. Ndivyo ilivyo katika kufutilia mbali sheria na katika "potelea mbali". Kiingereza huuweka ukamilifu huo ndani ya kitenzi au katika kineno kidogo cha nyuma yake: "The court has thrown out the application", au kiofisi zaidi "has dismissed". Sheria iliyofutiliwa mbali imekuwa "abolished" au "scrapped".

Ndugu wa mbali ni "a distant relative". "Far relative" haipo.

Dawa huandikwa "Weka mbali na watoto". Kiingereza chake ni "Keep out of reach of children", yaani pasipofikiwa na mikono yao. Nayo "Kaa mbali na moto" ni "Keep away from the fire", na "Kaa mbali naye" ni "Stay away from him". Amri za kujitenga huchukua "away".

Ukisikia ngoma kwa mbali, sema "I can hear drums in the distance." Watu mbalimbali ni "various people" au "different people".

Mtoto atakayefika mbali maishani "will go far". Kitenzi ni "go", siyo "reach". Lakini "tumetoka mbali" ni "We've come a long way", na hapa lugha hizi mbili zinapatana kwa namna inayonifurahisha: pande zote mbili sentensi hiyo ni ya msafiri aliyeshuka kwenye basi na pia ya wazee wawili wakikumbuka walikoanzia.

Kuna "far" moja ya Kiingereza ambayo nayo si "mbali". Ikitangulia jina na kuwa na "the", huchagua kati ya viwili, ikimaanisha kile cha upande wa pili kutoka uliposimama. "The far side of the river" ni ng'ambo ya mto, hata kama mto ni wa kuruka. "The far end of the corridor" ni mwisho ule kule wa ushoroba. Katika siasa, "the far right" magazeti yetu huiita mrengo mkali wa kulia, na wamefanya vizuri. Ni "the Far East" tu iliyotafsiriwa neno kwa neno ikawa Mashariki ya Mbali, jina walilolitoa watu wa Ulaya wakipima kutoka kwao. Kutoka Mombasa au Tanga, mzani ungekuwa mwingine.

Hatua ya 8: Jipime

Funika majibu kwa kiganja, tafsiri mwenyewe, kisha fungua.

"Kijiji chetu kiko kilomita kumi kutoka barabarani." Jibu: "Our village is ten kilometres from the road."

"Mbali na Kiingereza, anazungumza Kifaransa." Jibu: "Besides English, she speaks French." Ukiandika "far from", rudi hatua ya 5.

"Nijuavyo mimi, basi limeshaondoka." Jibu: "As far as I know, the bus has already left."

"Ni mbali?" "Ndiyo, ni mbali." Jibu: "Is it far?" "Yes, it's a long way."

"Hadi sasa hatujapata jibu." Jibu: "So far we haven't had an answer."

"Tuliongozana naye hadi sokoni." Jibu: "We went with him as far as the market."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka." Jibu: "A stick that is far away cannot kill a snake." Ukiandika "the far stick", msikilizaji ataelewa kwamba fimbo zipo mbili na unamwonyesha ile ya upande wa kule.